Wafu Waliotoka Shamba la Miwa

Kinu kinalia. Ni mlio wa mbao inayosuguana na mbao, mzito, usiokatika, kama wa lango kubwa linalofunguliwa lisifike mwisho. Wanaume wanapita kwa safu, vikapu vya miwa vichwani, macho wameyakodoa na hawaoni kitu. Mmoja anayumba, anaanguka, anatumbukia kinuni. Hapigi ukelele. Walio nyuma yake hawageuzi shingo, na wale wanaousukuma mti wa kinu wanaendelea kuzunguka. Mgeni aliyekuja kumwona mwenye kiwanda anashikwa na kinyaa. Mwenyeji wake hana habari: anawasifu watu wake kwamba ni waaminifu kazini na wala hawalalamikii saa nyingi.

Tukio hilo ni la muda mfupi tu. Limo katika White Zombie, filamu ya Marekani iliyopigwa kwa siku 11 mwaka 1932, kwa fedha za kuungaunga, ndani ya mapambo yaliyosalia kutoka filamu za watu wengine. Ndiyo inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya zombi. Uigizaji wake mwingi ni mbovu, mapenzi yake yanachosha, na Haiti yake ni ya maturubai na rangi. Lakini kinu kile ukishakisikia hakitoki masikioni.

Mtu aliyekulia Tanzania hahitaji kuelezwa anachokiona pale. Analo neno lake: msukule. Amesikia tangu utotoni habari za mtu aliyezikwa mchana kweupe, ndugu wakalia, matanga yakaanuliwa, kumbe kilichoshushwa kaburini ni gogo la mgomba. Mwenyewe yuko kwa mchawi, amekatwa ulimi, analishwa pumba na kulimishwa mashamba usiku kucha. Msukule hali watu. Msukule analima. Ndiyo maana yule zombi wa siku hizi, anayefukuza watu barabarani akitamani nyama yao, huwa ananiacha na swali moja: huyu naye jembe lake aliliacha wapi?

Jibu linaanzia mbali na kamera. Neno zombi wataalamu wengi wanalipeleka Kongo, kwenye Kikongo, ambako nzambi ni jina la Mungu na lina jamaa zake wanaotaja roho na mizimu. Msikilizaji wa rumba ya Kinshasa amemsikia ndugu yake wa Kilingala, Nzambe, mara zisizo na hesabu. Neno hilo lilivuka Atlantiki matumboni mwa meli. Kufikia mwaka 1789 koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, lilikuwa na watumwa karibu 500,000, na katika miaka ya mwisho ya biashara ile sehemu kubwa ya waliokuwa wakiletwa walitoka Kongo na Angola. Meli za Kifaransa zilizunguka hata Rasi ya Tumaini Jema kuja kuchukua watu Msumbiji, kwa hiyo na mwambao wetu haukusalimika.

Sukari ndiyo iliyowaua. Wakati wa mavuno kinu hakikulala, na aliyesinzia akilisha miwa aliweza kupoteza mkono. Waliozaliwa hawakutosha kuziba nafasi za waliokufa. Ilikuwa rahisi zaidi kununua wapya. Faraja iliyobaki ilikuwa imani kwamba mtu akifa roho yake hurejea Ginen, Afrika ya mababu, kuvuka maji yale yale kinyumenyume. Sasa fikiria hofu ya mtu wa namna hiyo. Haogopi kufa. Anaogopa kufa kisha asiende popote: aamshwe na bwana mwingine, apewe panga, arudishwe kwenye miwa. Zombi alikuwa utumwa usio na mlango wa kutokea.

Watumwa hao waliasi mwaka 1791 na mwaka 1804 wakatangaza nchi yao. Dini yao, vudu, ilikuwa na mambo makubwa zaidi ya zombi. Ina Mungu wa mbali na pepo wa karibu waitwao lwa, ina ngoma, ina tiba, ina heshima kwa waliotangulia. Wahaiti husema lwa humpanda mtu kama mpanda farasi, na aliyepandwa huitwa farasi. Watu wa Pwani yetu, ambao aliyepandwa na pepo humwita kiti, wataelewana nao bila mkalimani. Zombi alikaa pembeni mwa dini hiyo, katika minong'ono ya wachawi waitwao bokor. Wakristo nao wana Shetani, lakini hakuna anayeanza kueleza Ukristo kwa habari zake. Vudu haikupata heshima hiyo.

Tarehe 28 Julai 1915, baada ya umati kumuua Rais Vilbrun Guillaume Sam, wanajeshi wa majini wa Marekani walitua Port-au-Prince. Walikaa miaka 19. Walichukua forodha, wakasimamia hazina, na ili wapate barabara wakafufua sheria ya zamani ya kazi ya lazima. Wakulima walikamatwa vijijini, wengine wakafungwa kamba pamoja, wakapelekwa kuchimba. Mtu aliyeongoza uasi dhidi yao, Charlemagne Péralte, aliuawa mwaka 1919. Wanajeshi waliifunga maiti yake kwenye mlango, wakaipiga picha, wakasambaza nakala ili watu wakate tamaa. Watu waliitazama, wakamwona Yesu msalabani. Hata maiti, basi, ilikuwa imepewa kazi, ila ikafanya kazi nyingine.

Wakati huohuo kulikuwa na kiwanda. Haitian American Sugar Company, ambacho kila Mhaiti alikiita Hasco, kilikuwa karibu na mji mkuu, kikivuta wafanyakazi kutoka milimani kwa ujira mdogo. Na huko ndiko William Seabrook, mwandishi wa safari wa Kimarekani aliyependa pombe na mambo ya kushtua, alikoikuta hadithi iliyomtajirisha.

Aliichapisha mwaka 1929 katika kitabu chake The Magic Island. Alisimuliwa, anasema, na mkulima mmoja aliyemwita Polynice. Katika mavuno ya mwaka 1918 Hasco ilikuwa imetangaza ziada kwa kila atakayeleta wafanyakazi wapya. Mzee mmoja, Ti Joseph, akatokea akiongoza kundi la watu waliochakaa, wazito wa kutembea, wasiojibu wakiulizwa jina. Wakaandikishwa. Waliwekwa mbali na wenzao, wakakata miwa juani, na ujira wao akaupokea Ti Joseph. Chakula chao kilipikwa bila chumvi, kwa sababu zombi akionja chumvi hujitambua kuwa ni mfu. Siku moja ya sikukuu mke wa mzee akawaonea huruma, akawapeleka sokoni na kuwanunulia vitamutamu vya karanga. Hakujua kwamba karanga zilikuwa zimetiwa chumvi kabla ya kuchanganywa na sukari. Walipotafuna walipiga yowe, wakageuka, wakashika njia ya mlimani kuelekea makaburi yao. Ndugu zao wakawaona wakipita kijijini, wakawaita, hawakusimama. Kila mmoja akafika kwenye kaburi lake, akaparua udongo, akaanguka.

Seabrook aliandika kwa chumvi nyingi, na haikuwa ile ya kuamsha wafu. Ila mpango wa hadithi hiyo hakuutunga yeye, na ni hadithi ya kazi mwanzo hadi mwisho: kiwanda, ziada ya kuleta watu, msimamizi anayekula jasho la wengine, posho ya chakula. Anayeisoma akamwona mchawi peke yake amesoma nusu. Mwandishi alimalizia kwa kunakili kifungu cha sheria ya jinai ya Haiti kinachohesabu kuwa ni uuaji kumpa mtu kitu cha kumtia usingizi wa kifo kisha akazikwa. Kwa msomaji wa New York huo ulikuwa ushahidi: kama kuna sheria, basi jambo lipo.

Mwezi Februari 1932 mchezo wa jukwaani wenye jina Zombie, wa Kenneth Webb, ulifunguliwa New York na kufungwa haraka. Ndugu wawili, Victor na Edward Halperin, mmoja mwongozaji na mwingine mtayarishaji, wakaona njia. Hawakuwa na studio. Walikodi nafasi katika eneo la Universal, na kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa imetoka kupiga Dracula na Frankenstein, kulikuwa na ngazi, kumbi na kuta za ngome zimekaa bure. Mtu wa vipodozi walimpata yule yule wa Frankenstein, Jack Pierce. Mwandishi wao, Garnett Weston, alichota kwa Seabrook kinu, kaburi la njiani na kile kifungu cha sheria, akavishonea hadithi ya mapenzi: tajiri wa mashamba anamtamani mchumba wa mtu, anamwendea mchawi, bibi harusi anakufa kisha hafi. Gharama yote inakadiriwa kuwa dola 50,000 hivi.

Mchawi huyo, Murder Legendre, aliigizwa na Bela Lugosi, Mhungaria ambaye mwaka mmoja tu nyuma Dracula ilikuwa imemfanya nyota. Malipo yake kwa kazi hii yanatajwa kuwa chini ya dola 1,000. Alikubali kila kazi, kwa bei yoyote, na tabia hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye vichekesho vya aibu uzeeni. Lakini hapa ni mzuri. Anafumbata vidole, anatazama, na Victor Halperin anayakuza macho yake mpaka yanajaza pazia zima.

Umaskini wa filamu hii uliisaidia. Sauti ilikuwa kitu kipya na cha ghali, na waigizaji wa Halperin wengine walikuwa nyota wa filamu bubu waliofifia, kwa hiyo maneno yakapunguzwa na ukimya ukaachwa ufanye kazi. Katika ukimya huo ndipo kinu kinaposikika. Mtengenezaji tajiri angepiga muziki juu yake.

Ila tazama ni nani anayetisha na nani anayehurumiwa. Jina la filamu, Zombi Mweupe, linasema lenyewe. Weusi walio kinuni hawana majina. Kinachotakiwa kumtoa mtazamaji machozi ni kwamba mwanamke wa Kizungu naye anaweza kufanywa hivyo. Mtu mweusi mwenye maneno ya maana ni dereva wa gari la farasi, aliyeigizwa na Clarence Muse, ambaye mwanzoni kabisa anawaeleza wageni hao wafu ni kina nani, kisha anapiga mjeledi aondoke kabla hawajamfikia. Ukiniuliza mimi, huyo ndiye mwenye akili kuliko wote katika filamu nzima.

White Zombie ilifunguliwa New York tarehe 28 Julai 1932, miaka 17 kamili tangu wanajeshi watue Port-au-Prince, nao wakiwa bado huko. Nje ya ukumbi watu waliovalishwa kama zombi walitembezwa juu ya kibaraza cha mlangoni, na umati ukajaa barabarani kuwatazama. Wahakiki wa magazeti waliichana. Watu walilipa.

Kilichofuata ni kesi, na kesi zenyewe zinachekesha. Webb alidai neno ni lake, akashindwa. Mwaka 1936 akina Halperin walipotoa Revolt of the Zombies, iliyohamishia wafu Kambodia kwa sababu nisizozielewa na ikayaazima tena macho ya Lugosi kutoka mkanda wa zamani, waliokuwa wamewakopesha fedha za filamu ya kwanza wakawashtaki kwa kulitumia neno hilohilo, na safari hii mahakama ikawakubalia. Neno la watumwa wa Kikongo likawa mali inayogombewa na mawakili wa Marekani. Hakuna Mhaiti aliyeulizwa.

Miaka ya 1940 mwanzoni zombi alishuka hadi Monogram, studio ya Hollywood iliyosifika kwa kutengeneza filamu kwa wiki moja mbili. King of the Zombies ya mwaka 1941 ni ya kipuuzi, na ingesahaulika kama si Mantan Moreland, mchekeshaji mweusi aliyepewa nafasi ya mtumishi mwoga wa macho yaliyotoka, kisha akaiiba filamu mikononi mwa mabwana zake. Jambo la ajabu ni kwamba muziki wake ulipendekezwa kwa tuzo ya Oscar.

Halafu akaja Val Lewton.

Alizaliwa Yalta mwaka 1904, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, akaandika riwaya za senti kabla ya kupewa kitengo cha filamu za kutisha katika studio ya RKO. Masharti aliyowekewa yalikuwa matatu: filamu isizidi dola 150,000, isizidi dakika 75, na jina litachaguliwa na wakubwa. Mwaka 1943 wakubwa wakamletea jina I Walked with a Zombie, Nilitembea na Zombi, lililotoka kwenye makala ya gazeti. Mtu mwingine angejiuzulu. Lewton akawaambia waandishi wake wachukue Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë yenye mke mwendawazimu aliyefichwa ghorofani, waihamishie Karibi.

Jacques Tourneur, Mfaransa, ndiye aliyeiongoza, na sijaona filamu ya bei ndogo iliyo nzuri kuliko hii. Muuguzi wa Kikanada anaajiriwa kwenda kisiwa cha kubuni, San Sebastian, kumhudumia mke wa mwenye shamba la miwa, mwanamke anayetembea bila kujua anatembea. Katika ua wa nyumba imesimama sanamu ya mtakatifu aliyechomwa mishale, ikidondoka maji. Zamani, muuguzi anaelezwa, ilikuwa kichwa cha meli ya watumwa. Dereva mweusi anayempeleka anamsimulia jinsi meli hiyo ilivyowaleta mababu zake wakiwa na minyororo. Mgeni, kwa nia njema kabisa, anasema basi angalau waliletwa mahali pazuri. Dereva anamjibu kwa adabu kwamba kama yeye anaona hivyo, sawa. Sauti yake haipandi wala haishuki. Wenyeji wa kisiwa hicho hulia mtoto akizaliwa na hufurahi mtu akifa, na desturi hiyo inatajwa bila kelele, kwa kuwa utumwa ndio ulioifundisha.

Kisha ni usiku. Muuguzi anamshika mgonjwa wake mkono, wanavuka shamba la miwa kwenda kwenye ngoma. Hakuna muziki, upepo tu unapita kwenye majani, na kibuyu kilichotobolewa kinapiga mbinja. Mwanga wa tochi unaanguka kwenye miguu miwili mitupu. Unapanda taratibu. Ni mlinzi wa njia panda, mtu mrefu aliyekonda, macho yamemtoka, aliyeigizwa na Darby Jones. Hafanyi lolote. Amesimama kwenye miwa kama mtu aliyesahauliwa huko tangu mavuno ya babu yake. Na mwimbaji wa kalipso kutoka Trinidad, Sir Lancelot, anatokea barabarani na kuuimba uchafu wote wa familia ya wenye shamba, kwanza kwa kuomba radhi, halafu, jua likishazama na mwenye nyumba akishalewa, akiusogelea uso wa muuguzi hatua kwa hatua. Wimbo wa kumsema bwana kwa mafumbo! Mtu aliyewahi kukaa barazani taarabu ikirushiana vijembe anajua kilichokuwa kikiendelea.

Filamu nzima ni dakika 69. Lewton alikufa mwaka 1951, moyo ukiwa umechoka kupigana na wakubwa.

Miaka 20 hivi baada ya filamu hiyo haina mengi ya kumfunga mtu. Mwaka 1964 Del Tenney alipiga Florida filamu ya kisiwa, vudu na wafu wenye nyuso za ukurutu. Hakupata wa kuisambaza. Ikakaa kabatini hadi mwaka 1971, muuza filamu Jerry Gross alipoinunua ili aioneshe pamoja na nyingine iitwayo I Drink Your Blood, Nanywa Damu Yako. Kwa kuwa alihitaji pacha wa jina hilo, akaiita I Eat Your Skin, Nala Ngozi Yako. Ndani yake hakuna ngozi hata moja inayoliwa.

Uingereza ndiko mtu alikoukumbuka tena mgodi wa hadithi, na ninasema mgodi kwa maana yake halisi. Kampuni ya Hammer, iliyozoea kupiga filamu mbili kwa mapambo ya moja, ilitoa mwaka 1966 The Plague of the Zombies, iliyoongozwa na John Gilling. Kabaila wa Cornwall, aliyejifunza uchawi Haiti, anawaua wanakijiji wake mmoja mmoja na kuwafufua wachimbe madini ya bati katika mgodi ambao walio hai wamekataa kuingia kwa kuwa si salama. Wazungu maskini, kiunzi cha mgodi, msimamizi na mjeledi. Hakuna filamu ya zombi iliyolieleza jambo waziwazi kiasi hicho: mfu ni mfanyakazi asiyegoma.

Mwaka uliofuata, Pittsburgh, mji wa vyuma, kikundi cha vijana waliokuwa wakipiga matangazo ya biashara kilichanga dola 600 kila mtu na kwenda shambani, jirani na Evans City, kutengeneza Night of the Living Dead. Mwongozaji alikuwa George Romero. Gharama ilifika dola 114,000 hivi. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, na nyama inayoliwa iliwafikia kwa msaada wa mchangiaji mmoja aliyekuwa na bucha. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1968.

Humo neno zombi halitamkwi. Romero hakuwa anawaza Haiti hata kidogo. Wafu wake wanafufuka bila bwana, bila dawa, bila shamba, wana njaa tu. Ni watazamaji waliowapa jina baadaye, na jina likakaa. Hapo ndipo jembe lilipoanguka. Mtumwa ambaye kosa lake lilikuwa kufanyishwa kazi akageuka kuwa mlaji, na wale waliokuwa wakimhurumia wakapewa bunduki.

Nisimwonee Romero. Shujaa wake, Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, ni mtu mweusi mwenye akili timamu kuliko wote waliojifungia katika nyumba ile. Anaokoka usiku kucha. Asubuhi kundi la wazungu wenye bunduki linamwona dirishani, linamdhania mfu, linampiga risasi ya kichwa. Kisha picha zisizotembea zinaonyesha wakimkokota kwa kulabu hadi kwenye moto. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili mwaka huohuo. Filamu ilikuwa imekwisha kupigwa, na Romero amesimulia kwamba alisikia habari hiyo redioni akiwa garini, akipeleka mkanda New York kutafuta mnunuzi.

Msambazaji alibadilisha jina la filamu dakika za mwisho, na pale jina la zamani lilipofutwa, alama ya hakimiliki ikafutika nalo. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, hiyo ilitosha kuifanya filamu iwe mali ya umma. Kila mwenye jumba la sinema, kila kituo cha televisheni, baadaye kila mwenye mashine ya kurudufu kanda, aliweza kuionyesha bila kulipa. Watengenezaji walipoteza mamilioni. Zombi mlaji akasambaa dunia nzima kwa sababu ya kosa la karani.

Mwaka 1974, Houston, mtayarishaji aitwaye Paul Maslansky aliongoza filamu ya pekee ya maisha yake, Sugar Hill, kwa ajili ya American International Pictures, kampuni iliyokuwa ikiwapa watazamaji weusi wa mijini filamu za haraka za bunduki na suti. Mpiga picha wa kike, Diana Hill, ambaye watu humwita Sugar, anauliwa mchumba wake na genge linaloutaka ukumbi wake wa starehe. Anaenda kwenye nyumba iliyoliwa na majani, kwa mama mmoja mzee, kumtafuta Baron Samedi, lwa wa makaburini. Baron anatokea na kofia yake ndefu, kicheko na meno, Don Pedro Colley akionekana dhahiri kuifurahia siku yake.

Kisha ardhi inapasuka. Wanaotoka si maiti wa jana; ni watumwa walioletwa na meli wakafa na kuzikwa kinamasini. Macho yao ni ya fedha, mipira iliyokatwa nusu, utandu wa buibui umewafunika, na mikononi bado wana pingu zenye kutu. Sugar anawapeleka mjini. Bandarini, kwenye zizi la nguruwe, katika chumba cha kukandia mwili, wanatokea polepole nyuma ya wazungu wa genge, mmoja baada ya mwingine. Maigizo yake yana matundu, hadithi inakwenda kama basi bovu, na Marki Bey, anayemwigiza Sugar, anabadilika mavazi kuliko anavyobadilika uso. Simwombei msamaha yeyote. Ila katika miaka 42 tangu kinu cha Lugosi, hapo ndipo minyororo ilipoonekana kwa macho, na wafu walipopewa adui anayestahili. Hawali mtu. Wanafanya kazi, ndiyo, ila kwa mara hii aliyewaita anawaelewa.

Waitalia nao niwapitie haraka. Lucio Fulci, mwaka 1979, alijidai kuendeleza filamu nyingine ya Romero ambayo huko Italia iliitwa Zombi, akaita yake Zombi 2, akairudisha hadithi kisiwani, ikiwa na ngoma zinazosikika mbali na daktari mzungu anayekataa kuziamini. Watu wanaikumbuka kwa mfu anayepigana na papa chini ya maji. Papa alikuwa wa kweli.

Mwaka 1980 ukweli, au kitu kilichovaa nguo zake, uliingia. Mtu mmoja alimwendea mwanamke sokoni L'Estère, Haiti, akajitaja kwa jina la utotoni ambalo familia pekee ndiyo iliyolijua. Alisema yeye ni Clairvius Narcisse, kaka yake. Narcisse alikuwa na cheti cha kifo cha mwaka 1962 kutoka Hospitali ya Albert Schweitzer, Deschapelles. Alisimulia kwamba alitolewa kaburini, akapigwa, akapelekwa kaskazini kwenye shamba la sukari, akafanyishwa kazi na wenzake mpaka bwana wao alipouawa. Mtaalamu wa mimea kutoka Harvard, Wade Davis, akaenda kutafuta dawa, akarudi na unga ambao alidai una sumu ya bunju. Wavuvi wa Pwani hawatashangaa. Bunju wanamjua, na wanajua anayemla hufa ganzi huku akisikia kila kitu. Wanasayansi wenzake walimpinga vikali, kwa kuwa sampuli zilipopimwa sumu hiyo haikuonekana ya kutosha. Katika maelezo yake yote mwenyewe Narcisse aliweka shamba katikati. Waliomsikiliza walitaka kujua kuhusu samaki.

Kitabu cha Davis kilitoka mwaka 1985. Mwaka 1987, baada ya ghala kujaa sukari isiyonunulika huku ya magendo na ya nje ikiuzwa rahisi, Hasco ilifunga milango, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Mwaka uliofuata, 1988, filamu iliyochotwa kwenye kitabu hicho, The Serpent and the Rainbow ya Wes Craven, ilifika kwenye majumba ya sinema. Walikuwa wameanza kuipigia Haiti, lakini ghasia za kisiasa zikawahamishia Jamhuri ya Dominika. Kuna jeneza, buibui, polisi wa siri na msumari. Mtu aliyefufuliwa tunamkuta makaburini usiku, na hakuna mahali tunapomwona akikata muwa.